Hans Meyer na Kilele cha Kibo

Hans Meyer alizaliwa Ujerumani mwaka 1858. Mwaka 1887 alijaribu kupanda Kilimanjaro, akashindwa. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, wakapiga hema katika uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi. Mwini Amani, mtu wa Pangani, akakaa nao. Tarehe 3 Oktoba walichonga vidato katika barafu hata wakafika ukingoni. Lakini jua lilikuwa limekwisha pinduka, nao wakarudi, wasije wakafa kwa baridi ya usiku. Mara ya pili walilala kwanza pangoni huko juu, ili kuifupisha safari. Walipopambazukiwa wakavifuata vidato vile vile, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni, mita 5,895. Meyer alifariki mwaka 1929. Wanafunzi, kawia ufike.