Pete Postlethwaite, baba wa sinema za Uingereza

Kuna wacheza sinema wenye jina kubwa kuliko sura. Kwa Muingereza Pete Postlethwaite ilikuwa kinyume. Jina lake liliwashinda watu wengi kutamka, lakini akitokea tu kwenye ekrani, hata dakika tano, walimtambua: mashavu yaliyoingia ndani, mifupa ya uso iliyotoka inje, macho ya mutu aliyechoka lakini hajashindwa.

Alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1946 kule Warrington, muji wa viwanda kaskazini-magharibi ya Uingereza, katika jamaa ya Wakatoliki wenye kuishi kwa kazi ya mikono. Kijana huyo alifikiri kuwa padri. Kisha akawa mwalimu wa tiyatre, mbele ya kuenda kujifunza kazi hiyo yeye mwenyewe kwenye masomo ya Bristol. Katika miaka ya 1970 alicheza Liverpool, kwenye jumba la Everyman, pamoja na vijana kama Julie Walters, Jonathan Pryce na Bill Nighy. Wenzake walimushauri abadilishe jina. Walimuchekelea kwamba ni refu sana, na hakuna jumba la tiyatre lenye kuwa na pesa ya umeme wa kuliangaza lote kwenye mulango. Akakataa. Ni jina la baba yake, basi lilibaki.

Sinema iliyomupandisha ni ya mwaka 1993, In the Name of the Father, na ndani yake kuna habari ya kweli. Mwaka 1974 bomu zililipuka kwenye baa mbili za Guildford. Polisi ikamukamata kijana wa Belfast, Gerry Conlon, ambaye hakufanya kitu. Baba yake, Giuseppe, muzee mwenye ugonjwa wa mapafu, akavuka bahari kuja kumutafutia mwana wake avoka. Naye akakamatwa! Alikufa mwaka 1980, angali mufungwa. Gerry alifunguliwa mwaka 1989, na jina la baba likasafishwa mwaka 1991 tu. Sinema inawaweka wote wawili katika chumba kimoja cha gereza, jambo ambalo halikuwa hivyo kabisa, lakini pale ndipo Postlethwaite anaonyesha nguvu yake. Hapigi kelele. Anasali, anakohoa, anaandika barua, na polepole mwana anaanza kumuheshimu baba aliyekuwa anamuzarau. Kwa kazi ile alipendekezwa kwa zawadi ya Oscar.

Mutu yeyote wa eneo la migodi atafute Brassed Off, ya mwaka 1996. Postlethwaite ni Danny, mukubwa wa fanfare ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Muchanga wa makaa umekula mapafu yake, mugodi unafungwa, wababa hawajue watalisha watoto na nini, na yeye angali anawalazimisha kupiga muziki vizuri. Muziki wenyewe ulipigwa na fanfare ya kweli ya Grimethorpe, ambako mugodi ulifungwa mwaka 1993.

Kisha Steven Spielberg akamuchukua kwa sinema mbili za mwaka 1997, na akatangaza kwamba pengine huyu ndiye mucheza sinema bora duniani. Postlethwaite alicheka tu: alisema kwamba watu walisikia vibaya, Spielberg alisema ni Pete mwenyewe ndiye anayejizania hivyo.

Alifika mpaka Afrika ya Mashariki. Katika The Constant Gardener, ya mwaka 2005, juu ya dawa zinazojaribiwa kwa maskini wa Kenya, yeye ni munganga aliyejificha Sudani. Sehemu hizo zilipigwa karibu na ziwa Turkana.

Mwaka 2009 aliitisha serikali yake: ikiruhusu kujenga kiwanda kipya cha umeme wa makaa ya mawe kule Kingsnorth, atarudisha medali aliyopewa na Malkia mwaka 2004. Kiwanda hakikujengwa.

Kansere ilimuua tarehe 2 mwezi wa kwanza 2011, akiwa na miaka 64. Siku chache baadaye, jina lake, refu vile vile, likasomwa kati ya waliopendekezwa kwa zawadi ya BAFTA, kwa sinema The Town.