Chemirocha: Mfahamu Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyeimbwa Kapkatet bila kukanyaga hapa

Kama kwenu ni Litein, Sotik, Bomet au Kericho mjini, unajua vile Jumapili jioni huwa. Mvua imenyesha tangu saa tisa, stima imepotea na kurudi mara mbili, chai iko kwenye chupa, na redioni kuna mtu anacheza kantri. Mzee wa nyumba hataki uguse hiyo stesheni. Jim Reeves kwake ni kama binamu aliyehamia mbali.

Marafiki zetu wa Nairobi hutucheka. Wanauliza watu wa majani chai na muziki wa makauboi wamejuana wapi. Leo nakupa jibu la kuwarudishia. Mtu anayeitwa baba wa muziki wa kantri alishaimbwa na wasichana wa Kipsigis, hapo Kapkatet, mwaka wa 1950. Walimwita Chemirocha. Na kulingana na wimbo wao, alikuwa nusu mtu, nusu swara.

Jina lake ni Jimmie Rodgers. Usimchanganye na Kenny Rogers wa kamari, huyo alikuja baadaye sana. Huyu wetu alizaliwa Septemba 8, 1897, upande wa Meridian, jimbo la Mississippi, Marekani. Mamake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, na babake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Kwa hivyo alilelewa huku na kule, kwa watu wa ukoo, na shule hakukaa nayo sana. Akiwa kijana alianza kubeba maji ya kunywa ya wafanyakazi wa reli.

Hapo kwenye reli ndipo somo lake lilipokuwa. Wengi wa vibarua walikuwa Wamarekani weusi, na walikuwa wakiimba wakipiga nyundo ili mikono iende pamoja. Jimmie alisikiliza na kushika. Blues aliyokuja kuimba baadaye aliitoa kwao, na mimi naona ni vizuri hilo lisemwe mapema kabla hatujampa sifa zote peke yake.

Baadaye akapanda cheo, akawa mtu wa breki. Mtu wa breki alifanya kazi kwenye mabehewa ya treni. Ni kazi ya mvua, moshi na baridi. Mwaka wa 1924 akaambiwa ana kifua kikuu. Dawa haikuwepo. Ile ya kwanza iliyoweza kupigana na TB ilipatikana katika miaka ya 1940, na kabla ya hapo mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri, atafute hewa safi. Jimmie alikuwa na mke, Carrie, na mtoto mdogo wa kike, Anita. Mtoto wao mwingine alikuwa amefariki akiwa bado mchanga. Reli ikawa haiwezekani tena. Akabaki na gitaa.

Sasa fikiria hapo. Una miaka 27, mapafu yanaisha, na kitu pekee unachojua kufanya kinahitaji mapafu.

Mwaka wa 1927, kampuni ya santuri ya Victor ilimtuma mtu wake, Ralph Peer, hadi mji wa Bristol, Tennessee, kutafuta waimbaji wa mashambani. Jimmie alikuwa amefika na bendi. Wakakosana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri, bendi ikaenda njia yake, naye akaingia peke yake na gitaa. Agosti 4 alirekodi nyimbo mbili na kulipwa dola 100. Zilipotoka hazikutikisa nchi. Lakini Novemba mwaka huohuo alirudi studio, safari hii Camden, New Jersey, akarekodi Blue Yodel. Hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango.

Kuyodeli, kama hujawahi kusikia, ni ile sauti inayovunjika katikati, inatoka kifuani inaruka juu kichwani halafu inarudi. Wachungaji wa milima ya Ulaya walikuwa nayo. Jimmie aliichukua akaifunga pamoja na blues ya vibarua wa reli, ikawa kitu ambacho hakikuwa na jina. Kati ya 1927 na 1933 alirekodi zaidi ya nyimbo 100. Alipata pesa, akajenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, ambako hewa ilisemekana ni nzuri kwa kifua. Nyuma ya gitaa lake aliandika asante kwa Kiingereza, na akimaliza wimbo analigeuza watu wasome.

Tuingie kwenye filamu sasa, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mwaka wa 1929 filamu zenye sauti zilikuwa bado mtoto mchanga. The Jazz Singer, ile iliyowashangaza watu kwa mwigizaji kuimba na kusikika, ilikuwa imetoka 1927 tu. Jimmie aliwekwa mbele ya kamera kwa filamu fupi inayoitwa The Singing Brakeman. Ni kama dakika kumi hivi, na ndiyo filamu pekee ya sauti aliyoacha akiimba. Inapatikana mtandaoni bila malipo. Bando ya kawaida inatosha.

Nitakuambia ukweli, kama hadithi haina kitu. Mtu wa reli anaingia mkahawa wa stesheni, anaketi na gitaa, anaimbia wanawake wawili nyimbo tatu, basi. Kamera haina haraka. Ukizoea video za siku hizi ambapo picha inakatwa kila sekunde mbili, utataka kuisukuma mbele. Usisukume. Tazama mikono yake. Sikiliza anavyoigiza honi ya treni kwa mdomo kwenye wimbo wa kwanza, Waiting for a Train, unaohusu mtu asiye na nauli aliyeshushwa treni mbali na kwao. Hakuna bendi ya kumficha. Ni yeye na nyuzi sita.

Halafu kumbuka kitu ambacho filamu haikuambii, kwamba mtu huyu anayetabasamu ana TB kwa miaka mitano sasa. Mimi nilipoitazama mara ya pili nikijua hilo, nilikuwa nangoja akohoe. Hakohoi. Anavuta pumzi, sauti inaruka juu, inarudi mahali pake. Nimeona konsati nyingi zenye taa na moshi na wachezaji arobaini, na nyingi zinanitoka kichwani kesho yake. Hizi dakika kumi zimekataa kutoka. Ukipata nakala iliyotiwa rangi au kuongezwa vinanda, achana nayo. Chukua ile ya zamani yenye mikwaruzo, uvae earphone.

Ukimaliza hiyo, tafuta nyingine. Julai 1930, huko Los Angeles, Jimmie alirekodi Blue Yodel namba 9 pamoja na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na mkewe Armstrong, Lil, kwenye piano. Mzungu wa Mississippi na mweusi wa New Orleans katika chumba kimoja, enzi za ubaguzi wa wazi. Jina la Armstrong halikuwekwa kwenye santuri, na kamera haikuwepo. Lakini Oktoba 1970 Armstrong, akiwa mzee, alikuja kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Cash, wakaupiga wimbo huohuo, Cash akishika nafasi ya Jimmie. Armstrong alifariki Julai iliyofuata. Hiyo video nayo ipo. Kwangu mimi inashinda konsati nyingi ndefu, kwa sababu unamwona mtu akirudi miaka 40 nyuma kumaliza kazi ambayo hakuwahi kuandikiwa jina.

Jimmie mwenyewe hakuzeeka. Mwaka wa 1931 alikuwa ameshaimba waziwazi kuhusu ugonjwa wake, wimbo unaitwa T.B. Blues. Mei 1933 alisafiri hadi New York akiwa na muuguzi, kurekodi nyimbo za mwisho ili familia isibaki bila kitu. Studio ilimwekea kitanda. Anaimba, analala, anaamka, anaimba. Mei 24 alimaliza. Mei 26 alifariki hotelini, akiwa na miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa treni.

Huko kwetu sasa.

Miaka hiyohiyo ya 1920 Jimmie akianza kurekodi, kampuni za Waingereza zilikuwa zinapanda majani chai Kericho, kwenye ardhi waliyonyang'anywa watu wetu. Reli ilikuwa imeshapita Kipkelion, enzi hizo ikiitwa Lumbwa, kuelekea Kisumu tangu 1901. Pamoja na wageni hao zikaja gramafoni na santuri. Inasemekana ni wamisheni waliowachezea Wakipsigis santuri za Jimmie Rodgers. Jina likapita mdomoni likatoka Chemirocha. Na ukilisikia, limekaa kabisa karibu na Chebet, Chemutai na Chepkoech. Hakuna mtu angelishuku.

Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alikuja Kapkatet na mashine ya kurekodi. Alizunguka Afrika akikusanya muziki namna hiyo. Akapewa nyimbo kadhaa zenye jina hilo. Inayojulikana zaidi ni ya wasichana, wakiimba pamoja na chepkong, ile ala yetu ya nyuzi. Kwa maelezo ya Tracey, walikuwa wanamwita Chemirocha aje acheze nao, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimvuke. Huyo mtu alikuwa kaburini miaka 17.

Kwa nini swara? Haya ni mawazo yangu tu, usinishike nayo. Hujawahi kuona picha ya mwimbaji. Unasikia sauti ndani ya sanduku, na kila baada ya mstari inaruka mahali ambapo sauti ya mwanamume haifai kufika. Mwili gani unaweza kuruka hivyo? Wasichana wa Kapkatet walimpa miguu inayolingana na sauti. Sisi tuna filamu ya dakika kumi. Wao hawakuwa nayo, wakajitengenezea yao kichwani, na kusema kweli yao ni kali kuliko ile ya 1929.

Lakini kuna kitu kinaniuma hapa. Kwenye santuri ya wasichana kuna jina moja, Chemutoi Ketienya. Wengine wameandikwa tu kama wasichana wa Kipsigis. Hakuna filamu yao. Hatujui nani alikuwa anacheka mwisho wa wimbo, nani alitunga mzaha wa swara. Sauti zao zilikaa kwenye maktaba ya Tracey, ile inayoitwa ILAM, Afrika Kusini, miongo na miongo. Katika miaka ya 2010 ILAM, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walizileta tena Kapkatet na kuwapa wazee. Ziliondoka watu wakiwa vijana, zikarudi waliobaki wakiwa na mvi.

Mimi nina deni katika mambo haya. Mwaka nilioacha chuo nilikaa kwa gogo miezi kadhaa. Kila asubuhi alikuwa akikamua huku anaimba wimbo mmoja ambao sijausikia kwa mtu mwingine yeyote. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa naangalia konsati za watu wa mbali, nikipunguza sauti anapopita ili asiniulize kazi nitatafuta lini. Sikumrekodi hata siku moja. Amefariki, na mimi nakumbuka nusu ya huo wimbo, ile nusu ya mwanzo. Nimeuliza shangazi zangu wote. Kila mmoja ana nusu hiyohiyo.

Kwa hivyo wikendi hii fanya hivi. Anza na Chemirocha ya wasichana, usikie kabla hujaona. Kisha The Singing Brakeman, ujue walikuwa wanamwita nani. Malizia na Armstrong na Cash. Haifiki nusu saa yote pamoja. Bando itakayobaki usiimalize. Nenda jikoni kwa gogo, keti chini, washa simu, umwombe aimbe. Atakataa mara ya kwanza, atasema sauti imeisha. Ngoja. Na akianza, uliza jina la wimbo, aliufunzwa na nani, halafu useme jina lake kamili kwenye simu, ili miaka 70 ijayo asiandikwe kama mwanamke fulani wa Kipsigis.