Delamere na ng'ombe wa Soysambu

Mpwa wangu ana kibanda cha maziwa pale Kongo, Kawangware. Juzi alinipigia simu akaniuliza, ami, huyu Delamere aliyeandikwa kwenye yogati ni nani? Nilimwambia ni hadithi ndefu.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Uingereza mwaka 1870, akarithi cheo cha Lord Delamere akiwa angali kijana. Kilichomleta huku ni uwindaji wa simba Somalia. Mwaka 1894 simba alimrarua mguu, akabaki kuchechemea maisha yake yote. Aliyemwokoa ni Msomali mbeba bunduki wake, Abdullah Ashur. Watu humsahau huyu, na lau si yeye ranchi isingekuwapo.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka uliofuata Wamaasai walitiliana saini mkataba na Waingereza, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa, malisho yao ya tangu na tangu. Yeye Delamere aliwapenda sana Wamaasai, alijua lugha yao na aliwaajiri wachungaji wake kutoka kwao. Lakini kupenda watu na kukalia ardhi yao ni mambo mawili.

Njoro ilimtesa. Alileta kondoo kutoka New Zealand, wakafa kwa sababu majani yale yana upungufu wa madini mwilini mwa mnyama. Akaleta ng'ombe wa Kizungu, wakaangushwa na homa ya mapafu na homa za kupe. Akageukia ngano, ikaliwa na kutu. Mali ya baba yake kule Cheshire aliiweka rehani kulipia hasara hizo. Mtu mwingine angefunga virago zamani.

Akahamia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita. Jina lenyewe ni la Kimaasai, jiwe lenye mabaka kama ya ngozi ya ng'ombe. Hapo alijifunza kilichomshinda Njoro: ng'ombe mgeni peke yake hadumu. Akachanganya damu, fahali wa Ulaya kwa majike ya huku yaliyozoea kupe na ukame, kizazi baada ya kizazi, na josho likawa kazi ya kila siku. Ufugaji wa maziwa wa nyanda za juu, tunaokunywa chai yake hata sisi wa Mombasa, una deni kwa majaribio kama hayo.

Alikuwa pia kiongozi wa masetla, mkali wa kutaka nchi iwe ya wazungu. Alifariki Novemba 1931 akiwa na madeni makubwa benki, akazikwa Soysambu. Sanamu yake ilisimama Nairobi katika barabara iliyobeba jina lake, sasa Kenyatta Avenue. Uhuru ulipokuja ikang'olewa, ikapelekwa kwenye ranchi. Ukoo wake uko pale hadi leo.

Mpwa wangu akauliza, na Kibera, jirani zetu? Nikamwambia: askari wa Kinubi, Waislamu waliompigania Mwingereza, walianza kuwekwa pale miaka ileile Delamere alipopewa Njoro. Mwaka 1918 eneo lao lilitangazwa kuwa ekari 4,197, bila hati. Hati waliipata mwaka 2017, ya ekari 288.