Agrippina Vaganova

Agrippina Yakovlevna Vaganova (Saint Petersburg, 26 Juni 1879 – Leningrad, 5 Novemba 1951) alikuwa mcheza baleti na mwalimu kutoka Urusi. Anajulikana hasa kwa mbinu ya kufundisha baleti inayoitwa kwa jina lake.

Maisha

Baba yake alikuwa mhudumu wa kuonyesha watazamaji viti katika Ukumbi wa Mariinsky. Vaganova alisoma katika Shule ya Kifalme ya Baleti, akahitimu mwaka 1897 na kujiunga na kundi la Mariinsky. Umbo lake halikuwa lile lililopendwa jukwaani wakati huo, hivyo alipanda cheo polepole. Hata hivyo, alisifiwa kwa miruko yake na kwa ustadi katika michezo mifupi ya mtu mmoja. Alipewa cheo cha mchezaji mkuu mwaka 1915, akastaafu mwaka uliofuata.

Kazi ya ualimu

Katika kipindi cha mapinduzi ya mwaka 1917 alifiwa na mume wake, akalazimika kutafuta riziki. Kwa muda alicheza katika majukwaa madogo, kisha akaanza kufundisha katika shule binafsi ya Akim Volynsky. Mwaka 1921 alipata nafasi ya kufundisha katika shule ileile aliyosoma, ambayo sasa ilikuwa mali ya serikali.

Tangu alipokuwa mchezaji alichunguza kwa nini zoezi fulani hufaulu au hushindikana. Kutokana na uchunguzi huo aliunganisha ulaini wa mtindo wa Kifaransa, nguvu za mtindo wa Kiitalia na hisia za Kirusi. Alidai mgongo, mikono, kichwa na miguu vifanye kazi pamoja, na mwanafunzi aelewe sababu ya kila zoezi. Mwaka 1934 alitoa kitabu kuhusu misingi ya baleti, ambacho kimetafsiriwa katika lugha mbalimbali.

Kati ya wanafunzi wake mashuhuri ni Marina Semyonova, Galina Ulanova na Natalia Dudinskaya. Kuanzia 1931 hadi 1937 alikuwa pia mkurugenzi wa sanaa wa kundi la baleti la Leningrad.

Urithi

Mwaka 1957 shule hiyo ilipewa jina lake. Leo inaitwa Akademia ya Baleti ya Kirusi ya Vaganova, na mbinu yake hutumiwa na walimu wa baleti katika nchi nyingi.