Mwana Kupona na Pambo Lisilochujuka

Msimu wa harusi uliopita hapa Lamu, mpwa wangu alikaa siku tatu mikono yake imefungwa kitambaa cheupe. Haikuwa haya ya bibi harusi. Alikuwa amepakwa piko, ile dawa ya kutia nywele weusi ambayo siku hizi wanawake wetu huitumia kuchorea maua mikononi, nayo ikamchoma. Kulipopambazuka viganja vilikuwa vimevimba na kutoka malengelenge. Wanawake walipiga kelele ndani, mama mtu akawa analia, na mimi nimeketi dakani sina la kufanya. Hapo ndipo fikira zangu zilipomwendea bibi mmoja aliyetutoka zaidi ya miaka 150 iliyopita, ambaye hakuna nyumba ya Kiamu isiyolijua jina lake. Naye ni Mwana Kupona binti Mshamu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Msomaji wangu huenda akauliza, malenga wa kale na piko ya dukani vinahusiana nini? Vinahusiana sana, nami nitaeleza. Lakini kwanza tumjue bibi mwenyewe, maana wengi tunalitaja jina lake na maisha yake hatuyajui.

Mwana Kupona alizaliwa kisiwani Pate mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Pate ya siku hizo ilikuwa imekwisha pungukiwa na utukufu wake wa zamani, lakini ustaarabu haukuwa umeondoka. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalishusha marashi, udi, msandali na vitambaa vya hariri kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Siyu, mji ulioko kisiwa hicho hicho, ulisifika kwa wanavyuoni wake, kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono, na kwa mafundi wa ngozi na mbao. Mtoto wa kike wa nyumba yenye elimu alifundishwa kusoma Kurani, na aliyejaliwa alijifunza pia kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona alikuwa miongoni mwa waliojaliwa.

Yapata mwaka 1836 aliolewa na Sheikh Mataka bin Mubaraka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Huyu hakuwa mtu wa kuishi kwa raha. Alikataa kuinama mbele ya Seyyid Said, Sultani wa Unguja, na kwa zaidi ya miaka ishirini alimpinga. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalitua kisiwani na yakashindwa mbele ya watu wa Siyu. Basi Mwana Kupona aliishi katika nyumba ambayo habari za vita ziliingia mlangoni pamoja na mizigo ya samaki. Humo ndimo alimolea watoto wawili, mmoja wao akiwa binti, Mwana Hashima binti Sheikh, aliyezaliwa mwaka 1841.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Seyyid Said. Mahasimu wawili wakaiaga dunia kwa pamoja, na Mwana Kupona akabaki mjane. Kisha yeye mwenyewe akaugua. Maradhi yalimshika mwaka mzima, na alipoona siha hairudi alifikiri juu ya binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba, ambaye angehitaji wa kumfunza mambo ya nyumba na dunia. Mwaka 1858, sawa na 1275 wa Hijria, alimwita karibu, akamtaka achukue wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti zipatazo mia moja. Miaka michache baadaye Mwana Kupona alifariki hapa Lamu.

Sasa turudi kwenye hina na wanja. Utendi huo ndio uliowapa mabibi wa pwani sifa ya kujua kujipamba, kwa kuwa ndani yake mama anamweleza mwanawe kwa utuvu jinsi ya kujiweka. Anamtaka asikae ovyo, mikono yake isikose hina, macho yasikose wanja, vidole vivae pete, vikuku na bangili visivuliwe, mwili unukie marashi na dalia. Anamfundisha nyumba iwe safi na ifukizwe udi, mume apepewe akilala, na asiamshwe kwa kishindo. Masomo wanaofunda wari huyajua hayo kwa moyo, nao huyatoa mbele kila penye harusi.

Lakini wengi husahau kwamba hayo siyo yanayotangulia. Ukiufuata utendi tangu mwanzo wake utaona mama anaanza na dini. Kisha yanakuja adabu na ulimi mzuri, kisha ukweli, kisha kujiepusha na watu wasiofaa. Kisha anazitaja radhi tano ambazo mwanamke hana budi kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume wake (s.a.w.), ya baba, ya mama na ya mume. Hina na wanja vinafika baadaye, kama mtu anavyojenga nyumba akamaliza kuta na dari ndipo akatia nakshi katika zidaka. Mwenye kuanza na nakshi bila ya ukuta hana nyumba. Wahenga wetu walikwisha linena hilo kwa ufupi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mkakasi, kwa vijana wasioujua, ni kile kikopo cha mti kilichotiwa rangi, ambacho mabibi walikuwa wakiwekea vitu vyao vya kujipambia.

Sisemi kwamba kila neno la utendi ni la zama zetu. Humo mna habari za watumwa, kwa kuwa utumwa ulikuwapo, na bibi alimwonya mwanawe asichanganyike nao ila kwa kazi. Wako wasomi wanaoona kwamba alimtaka mke awe mtiifu mno. Wengine wanajibu kwamba alikuwa akimpa binti silaha ya kuishi nayo katika nyumba za wakati ule. Mimi nasema kila mtu ausome wote ndipo ahukumu. Lakini hakuna awezaye kukana jambo moja: kila alichokitaja bibi huyu, yeye mwenyewe alikijua. Mhina ulimea katika nyua za mji, ukachumwa majani, ukatwangwa. Asumini ilitungwa jioni ile ile ya kuvaliwa. Msandali na udi vilipita mikononi mwa mama, nyanya na somo kabla ya kufika kwa mwari. Kukitokea dhara, aliyelipika alikuwapo pale pale, naye aliulizwa.

Leo soko la urembo limebadilika. Msichana wa Lamu, wa Mombasa au wa Maskati anaangalia simu yake, na kila wiki anaonyeshwa rangi mpya ya midomo, poda mpya, krimu mpya ya kumfanya mweupe. Sikatai yote. Urembo si haramu, Mtume wetu (s.a.w.) alipenda manukato, na biashara ni riziki ya watu. Hata vya kale havikuwa salama vyote, kwa maana wapimaji wamekuta madini ya risasi katika wanja wa aina nyingi za zamani, nayo risasi ni sumu. Lakini twaingizwa katika hatari kubwa zaidi. Ziko krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki, nayo zebaki huharibu figo. Ziko zenye haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huiacha ngozi na mabaka meusi kuliko ilivyokuwa. Serikali ya Kenya imezikataza krimu za namna hizo kwa miaka mingi, na mataifa yalikubaliana katika mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuzikomesha zile za zebaki. Hata hivyo zinauzwa, kwa sababu zina wanunuzi.

Na piko je? Hina ya asili haitoi weusi wa makaa. Hutoa wekundu unaoelekea kahawia, nayo yataka ikae mkononi masaa mengi. Anayetaka weusi kwa haraka huchanganya dawa ya nywele, ambayo haikutengenezwa kupakwa juu ya ngozi. Wengine haiwadhuru mara ya kwanza. Mara ya pili au ya tatu mwili hukataa, mikono ikawaka moto. Aliyempaka mpwa wangu hakuwa mtu mbaya. Alinunua kipakiti, na kipakiti hakikumwambia neno. Hilo ndilo jambo la kutisha: urembo usio na mama wala somo wa kuuliziwa.

Nami nina langu la kukiri. Nimeusoma utendi wa Mwana Kupona mara nyingi. Nimeupigia hesabu mizani na vina mbele ya vijana wanaojifunza ushairi, nikausifia ufasaha wake wa Kiamu. Lakini binti zangu sikuwasomea hata siku moja. Niliuona ni kazi ya wanawake. Siku ile dakani nilijiona kama mtu aliyekuwa na kisima uani akawaacha watoto wake wachote maji njiani.

Mwana Hashima, aliyeandikiwa wosia ule, aliishi miaka mingi. Alifariki mwaka 1933, akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini. Mwaka uliofuata, 1934, Alice Werner na William Hichens walikitoa Uingereza kitabu cha utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Fikiria, msomaji, binti aliyeachiwa maneno akiwa kijana wa miaka kumi na saba akaishi nayo miaka sabini na mitano. Hina ya siku zile ilichujuka kabla ya mwezi kwisha, na vikuku sijui viko wapi. Maneno ya mama hayakuchujuka, na mpaka leo yanasomwa na wasiokuwa wa ukoo wake, kama mwenyewe alivyotaka, kwani mwisho wa utendi aliwaalika wanawake wote wausome wapate faida, akawaombea dua watoto na ndugu zake.

Mikono ya mpwa wangu ilipona, alhamdulillahi. Harusi ilisogezwa mbele wiki tatu, na bibi yake akachuma majani ya mhina uani akayatwanga mwenyewe. Usiku ule wa kutia hina dada yangu mkubwa alisoma utendi, na mimi nilikuwa nje ya mlango nikisikiliza. Alipofika penye hina na wanja wasichana walicheka. Alipokuwa bado penye ulimi na ukweli walikuwa wamenyamaza, nami nilitamani angerudia hapo.

Wenye mabinti, wasomeeni. Wabillahi taufiki.