Khalid bin Barghash: zaidi ya dakika 38

Kwenye chemsha bongo za vyuoni swali hili halikosekani: vita gani vilikuwa vifupi kuliko vyote duniani? Wote tunajibu kwa mkupuo: Zanzibar, 1896, dakika 38. Aliyewahi anapata pointi, tunahamia swali lingine. Tumevigeuza vita vile kuwa kama rekodi ya mbio za mita 100. Aliyeshindwa alikuwa nani, na aliishia wapi? Jamani, alikuja hapa hapa Dar es Salaam, akakaa karibu miaka 20.

Khalid alizaliwa mwaka 1874, mtoto wa Sultani Barghash, yule aliyejenga Beit al-Ajaib. Mwaka 1890, akiwa kijana wa miaka 16 hivi, Waingereza waliiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Sultani alibaki na kiti na bendera, lakini hakuna aliyeruhusiwa kukikalia kiti hicho bila ridhaa ya konseli wa Kiingereza. Mwaka 1893 Sultani Ali alipofariki, Khalid alijaribu bahati yake akazuiwa. Kiti akapewa Hamad bin Thuwaini, mtoto wa baba yake mkubwa.

Unguja ya wakati huo ilishaanza kuupenda mpira. Vijana wa shule ya misheni ya Kiungani walicheza soka, na Waingereza wa kampuni ya simu iliyolaza waya chini ya bahari nao walicheza. Mtoto yeyote wa Kiungani alijua kwamba refa hafungi magoli. Kwenye siasa mambo yalikuwa mengine kabisa: refa alikuwa na timu yake, na timu hiyo ilikuwa na manowari.

Agosti 25, 1896, Hamad alifariki ghafla kabla ya adhuhuri. Khalid, sasa na miaka 22 hivi, umri wa wengi wetu hapa chuoni, akaingia ikulu siku ile ile bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wapatao 2,800 walijikusanya kumlinda, wengi wao raia wa kawaida, pamoja na watumishi na watumwa wa ikulu. Basil Cave, aliyekaimu ukonseli, alimtaka atoke. Khalid akagoma. Zikajipanga manowari tano bandarini, akapewa mpaka saa 3 asubuhi ya Agosti 27. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza. Ikulu ikawaka moto, meli ya sultani iitwayo Glasgow ikazama. Upande wa ikulu, waliokufa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Siku hiyo hiyo akatawazwa Hamoud bin Mohammed.

Tusimpambe Khalid kupita kiasi. Usultani alioutaka ulisimama juu ya mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897, chini ya huyo huyo Hamoud aliyewekwa na Waingereza. Watumwa waliokufa ndani ya ikulu walikufa katika ugomvi ambao hakuna upande uliowauliza wanataka nini.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani. Waingereza wakamvizia nje, akanyage tu ardhi ya Unguja wamkamate. Oktoba 2 maji yalijaa, boti ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikasogea mpaka ukingoni mwa ubalozi, akapanda bila kugusa mtaa. Akaletwa Dar, makao makuu ya koloni la Wajerumani. Ukishuka kwenye mwendokasi pale Kivukoni, bandari iliyo mbele yako ndiyo iliyompokea. Waingereza walimtia mikononi mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisiwa alichofungwa Napoleon. Baadaye waliruhusu arudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Kwa hiyo dakika 38 ziligharimu maisha ya mamia, na miaka 31 ya mtu mmoja kuishi bila kwao. Chanzo chake ni swali ambalo hata sisi wapiga kura wa serikali ya wanafunzi linatuhusu: kabla hatujagombania nani kashinda, nani alipitisha majina ya wagombea, na yeye mwenyewe anashabikia timu gani?