David Livingstone: Tabibu aliyepita pwani ya Burundi na donge la damu lililobaki fumbo

Novemba 1871, mtumbwi uliotoka Ujiji ulielekea kaskazini ukiambaa pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, ukapita ufuo wa Rumonge, mji unaofahamika leo kwa mawese na samaki. Ndani yake walikuwamo David Livingstone na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley. Tarehe 25 walifika Mugere, kusini mwa Bujumbura ya leo, ambako jiwe lenye majina yao lingalipo. Baadaye walithibitisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani, hautoki.

Safarini humo Stanley alishikwa na homa, Livingstone akamuuguza. Alikuwa tabibu: alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, akahitimu udaktari mwaka 1840. Maradhi yake mwenyewe, hata hivyo, hayakupata tiba. Kwa miaka mingi bawasiri ilimtoa damu. Mwaka 1864, akiwa Uingereza, alishauriwa afanyiwe upasuaji. Akakataa, asitake jambo hilo lijulikane.

Stanley aliporejea kwao mwaka 1872, Livingstone alibaki kutafuta chimbuko la mto Nile. Damu iliendelea kumtoka, nguvu zikamwishia, hata wenzake wakambeba kitandani. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliazimia kuurudisha mwili kwao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, alipoupasua alikuta upande wa kushoto wa tumbo donge la damu iliyoganda, kubwa kama kitanga cha mkono.

Miaka minane kabla yake, mjini Paris, daktari Armand Trousseau alieleza kuwa damu kuganda ndani ya mishipa yaweza kuwa dalili ya saratani iliyojificha. Leo watafiti huchunguza uhusiano huo hata katika saratani ya tezi dume. Lakini damu iliyovuja nje ya mishipa nayo huganda, na donge la Chitambo halikuchunguzwa na daktari yeyote. Peke yake halithibitishi saratani.

Moyo ulizikwa chini ya mti. Mwili ulibebwa hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Mjini London ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Siri aliyoificha tabibu huyo akiwa hai ilifahamika kwa ulimwengu kupitia mikono ya waliombeba.